Uzi Usioshikika

Kuna uchovu wa kulala ukaisha, na kuna uchovu wa Mama Ivyne. Huu wa pili haujui kitanda. Alikuja nao Nairobi kutoka Vihiga akiwa msichana, au labda ulimkuta hapa, yeye mwenyewe hakumbuki tena, na kufikia msimu huu wa sweta ulikuwa umeshahamia hata kwenye sauti. Jina lake la ubatizo ni Lornah. Lakini ukienda kwenye vibanda vya Uthiru, pale nyuma ya barabara ya Waiyaki, ukauliza Lornah, utatazamwa kama mtu wa serikali. Ulizia Mama Ivyne wa sweta, utaletwa hadi mlangoni.

Kibanda chenyewe si chake. Ni cha Wangui, mzaliwa wa papo hapo Uthiru, mwanamke mwenye mashine mbili za kufuma na mdomo mmoja unaofanya kazi ya midomo mitatu. Wangui hukaa upande wa mlango ili asipitwe na jambo. Lornah hukaa ndani, ukutani, akisukuma kile kishikio cha mashine kushoto na kulia, kushoto na kulia, kutwa nzima, na kila kikipita mstari mmoja wa sweta huongezeka. Wamefanya kazi hivyo miaka mingi. Wote wawili wana sukari. Lornah alitangulia, Wangui akafuata, na siku Wangui alipotoka hospitalini na habari hiyo alitupa mkoba mezani akasema, "Basi sasa tumekuwa pacha." Tangu hapo chai ya kibanda hiki ni ya rangi, kavu, bila sukari, na mgeni asiyeipenda huambiwa duka liko pale.

Sasa, ugonjwa huu una kliniki yake, na kliniki ina swali lake. Kila Lornah anapokwenda kuchukua dawa, nesi humuuliza, "Mama, macho umepimwa?" Naye hujibu, "Nimepimwa."

Wala hakuwa anadanganya, au hakujua kwamba anadanganya. Kuna siku madaktari walikuja kanisani kwao kupima watu bure. Wakabandika karatasi ya herufi kwenye ukuta wa darasa la watoto wa Sunday school, kubwa juu na ndogo chini, na Lornah akazisoma zote, mpaka ule mstari wa mwisho ambao hata mchungaji ulimshinda. Watu wakampigia makofi. Akapewa miwani ya kumsaidia na kazi ya karibu, akaenda nyumbani amenyoosha shingo. Mwenye macho haambiwi tazama, na Lornah tangu siku hiyo alijihesabu kuwa mwenye macho.

Alijua kwamba kuna kupimwa kwingine. Mama mmoja kwenye foleni alishamweleza: unatiwa dawa ya matone, mboni zinafunguka, daktari anaangalia nyuma kabisa ya jicho, halafu siku nzima huoni vizuri, jua linakuchoma, na lazima uje na mtu wa kukushika mkono urudi nyumbani. Lornah alisikia mambo mawili tu hapo. Siku nzima, na mtu. Siku nzima bila mashine, ataipata wapi? Na huyo mtu ni nani? Binti yao, Ivyne, ameolewa mbali. Mume wake, Sifuna, ni soja kwenye lango la nyumba moja ya Kitisuru. Usiku kucha yuko macho, asubuhi anaingia nyumbani Lornah akitoka, wanapokezana mlango kama wafanyakazi wa zamu. Kumwamsha Sifuna mchana Lornah aliona ni dhambi, na dhambi alizokuwa nazo zilimtosha. Akawa anasema nimepimwa, mwaka baada ya mwaka. Mtu hutamani kumshika mabega na kumtikisa. Lakini angetikiswa vipi, na yeye anaona?

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Wahenga hawakuwa na oda ya sweta za Januari.

Ilikuwa Desemba, uzi ukiwa ni ule wa bluu iliyoiva, rangi ya shule moja ya huko juu. Lornah aliona unyoya mweusi mbele ya jicho la kushoto. Akaupangusa. Ukasogea kidogo, ukarudi. Akaupangusa tena. Anayefuma sweta hashangai kuona unyoya. Msimu ukipamba moto manyoya ya uzi huwa kwenye nywele, kwenye chai, kwenye pua za watoto wa wateja. Unaweza kupenga kamasi ikatoka na rangi ya shule. Kwa hiyo hakushtuka.

"Hebu niangalie," akamwambia Wangui. "Kuna kitu imeingia kwa hii jicho."

Wangui akamvutia mlangoni kwenye mwanga, akaupindua ukope, akapuliza, akazungusha ncha ya leso kwa uangalifu wote wa mama aliyelea watoto wanne.

"Sioni kitu."

"Iko."

"Labda imeshatoka imeacha alama. Osha na maji ya chumvi."

Akaosha na maji ya chumvi. Jicho likawa jekundu, na unyoya ukabaki pale pale, ukielea polepole kila alipogeuza macho, ukifuata kwa kuchelewa kama mtu mvivu anayeitwa. Kabla ya Krismasi ulikuwa umepata wenzake. Lornah akafagia kibanda mpaka pembe ambazo hazikuwa zimefagiwa tangu kipatikane. Akafunga kitambaa kichwani, akafunga kingine mdomoni. Akavua miwani akaiosha kwa sabuni ya vyombo. Manyoya yakawa yale yale. Ndipo alipoamua kwamba mkosaji ni uzi.

Akashuka mjini, kule chini ya River Road walikozoea kununua, amebeba kibunda cha uzi kwenye mfuko, na hasira zake zote za mwaka ameziweka humo humo. Muuzaji, Ndegwa, alimjua vizuri.

"Hii uzi yako siku hizi inatoa manyoya," Lornah akamwambia bila salamu. "Mpaka nimeanza kuwa kipofu."

Ndegwa akauchukua uzi, akauvuta, akausugua kwenye kiganja, akauinua kwenye taa.

"Mama Ivyne, hii ni uzi ile ile. Na haitoi manyoya. Ona mkono yangu."

Lornah akautazama mkono wa Ndegwa. Akaona kiganja, na juu ya kiganja akaona nyuzi nyeusi tatu au nne zikicheza.

"Si hizi hapa?" akasema, akidonoa kwa kidole.

Ndegwa akautazama mkono wake tena, ni mtupu. Kisha akafikiri kama mfanyabiashara, kwamba mama anatafuta kupunguziwa bei, akampunguzia. Lornah akarudi Uthiru ameshinda kesi. Hebu fikiria. Ushahidi wote ulikuwa umewekwa mbele yake, akaondoka na punguzo.

Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, Sifuna hakuwa na zamu mpaka jioni. Alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani, amesimama mlangoni akifunga vifungo, jua la asubuhi likimpiga kifuani. Lornah akamwona na uzi begani. Uzi mrefu, mweusi, umejikunja. Akasogea akaushika auondoe, kama mke yeyote anavyofanya kabla mumewe hajatoka mbele za watu. Vidole vikafunga hewa. Akajaribu tena. Akachomoa mara ya tatu, kwa kucha, akilifinya shati lenyewe.

"Mama Ivyne, unatoa nini?"

"Uzi."

Sifuna akaangalia bega lake. "Uzi gani?"

"Huu. Simama vizuri."

"Hakuna uzi hapa."

"Baba Ivyne, simama vizuri nikutoe uzi."

Akasimama. Alisimama wima kama yuko langoni, akamwacha mkewe achomoe uzi usiokuwapo, na kadiri vidole vile vilivyorudi mitupu ndivyo uso wake ulivyobadilika. Mwishowe akaushika ule mkono akaushusha. Akaweka kiganja chake juu ya jicho la kulia la Lornah, akalifunika.

"Sasa unaniona?"

Lornah akatazama. Kwa lile jicho la kushoto Sifuna alikuwa ukungu mwekundu wa kahawia, na ndani yake nyuzi, nyuzi tele, kama vile mtu amemwaga kapu zima la mabaki ya kibandani. Juu tu, pembeni, alionekana kipande cha nywele zenye mvi.

"Lornah," akasema Sifuna. Hakuwa akimwita hivyo. "Unaniona?"

"Kidogo."

"Hii imeanza lini?"

"Desemba. Nilidhani ni manyoya."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa umelala."

Sifuna akaketi kitandani. Ni mtu mpole, ana upole wa watu waliozoea kufungulia wengine lango, lakini siku hiyo alikasirika. "Nilikuwa nimelala," akasema. "Sikuwa nimekufa. Mimi nalinda nyumba ya watu hata sijui majina ya watoto wao, na wewe unapofuka hapa ndani unaniacha nilale?"

Kanisani hawakwenda. Lornah alijaribu kusema kuhusu oda, kwamba zimebaki kola na mikono, kwamba shule zinafunguliwa. Sifuna akavua lile shati jeupe. Alishindwa hata kumtazama.

Kesho yake alitoka langoni Kitisuru alfajiri, hakupitia kitandani, akamchukua mkewe moja kwa moja hadi hospitali moja ya serikali. Foleni ilikuwa imeshashika ukuta. Lornah akatiwa matone, yakamchoma kidogo, akaambiwa afumbe macho. Alipoyafumbua mistari ya ukuta ilikuwa imeyeyuka. Akaingizwa chumba cha giza, akawekewa kidevu kwenye chuma, mwanga mkali ukamwingia kila jicho, picha zikapigwa. Daktari alikuwa mwanamume wa makamo, Kiilu, mwenye sauti ya mtu aliyesema jambo lile lile mara nyingi mno na bado analisema.

"Mama, unaona nini na hii ya kushoto?"

"Uzi. Nyuzi nyingi. Mimi nafuma sweta, daktari, manyoya yaliingia."

"Huo si uzi," akasema Kiilu. "Ni damu yako."

Kisha akamweleza, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki alimweleza taratibu. Kwamba nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba inayopokea picha. Kwamba sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa midogo ya hapo hudhoofika, huvuja, mingine huziba. Mwili nao huona huko hakuna damu ya kutosha, huotesha mishipa mipya kwa haraka haraka, na kazi ya haraka haraka Lornah anaijua ilivyo, hufumuka. Ile ya jicho la kushoto ilikuwa imefumuka. Kwenye jicho la kulia mishipa mibovu ilikuwa imeshaota, bado haijapasuka.

"Lakini nilisoma herufi zote," akasema Lornah. "Mpaka za chini."

"Nakuamini. Ungesoma hata mwezi uliopita. Hii kitu huanza pembeni, haiumi, haiwashi. Mpaka uone kitu, imekuwa na wewe miaka. Ndio maana tunaangalia kila mwaka, hata kama mtu anaona vizuri. Hasa kama anaona vizuri."

"Na itarudi? Hii ya kushoto?"

Kiilu alivuta kiti karibu. "Damu inaweza kupungua yenyewe, tuipe muda. Ikikataa, tutazungumza mambo ya upasuaji. Lakini kuna sehemu imekufa, na hiyo sitakudanganya. Hii ya kulia tutaichoma na mwanga, wanaita leza, tuzuie isifuate. Leza hairudishi kilichoenda, mama. Inalinda kilichobaki."

Lornah aliitikia kwa kichwa, akaitikia tena, kama mtu anayeelezwa njia ya kufika mahali asipotaka kwenda. Akamfikiria yule nesi na swali lake. Aliona aibu, aibu ya mtoto aliyekamatwa, na chini ya aibu aliona hofu tupu: akibaki na jicho moja, na hilo likaondoka, atakuwa nani? Mikono inaweza kusukuma mashine bila macho. Lakini kitanzi kikidondoka, nani atakiona?

Wakatoka hospitalini mchana wakapitia mjini, Lornah amejifunika leso kichwani mpaka puani. Mboni zilikuwa bado wazi, na jua lilirudi kutoka kwenye vioo vya maghorofa likamchoma bila huruma. Sifuna alimshika kiwiko. Hawakuwahi kutembea mjini wameshikana hivyo, hata walipokuwa wachumba. Alikuwa anapepesuka kwa usingizi, yule mtu, na bado alimvusha Kenyatta Avenue akimhesabia ukingo wa barabara: panda, shuka, ngoja. Wakasimama kivulini mwa jengo la benki wapumzike.

"Bado umenikasirikia?" Lornah akauliza chini ya leso.

"Sana," akasema Sifuna, bila kumwachia kiwiko.

Leza ilifanywa kwa awamu, na Sifuna alikuja zote. Akifika anaketi kwenye benchi, analala wima, mdomo wazi, wagonjwa wenzake wakimkanyaga miguu. Sweta za shule alizimaliza Wangui, akichelewa na kulalamika, lakini alizimaliza. Mwanga ule ulimuumiza Lornah kichwa, akarudi nyumbani na vimulimuli machoni, akalala mchana bila kufikiria oda ya mtu. Presha nayo ikapatikana iko juu, akaongezewa vidonge. Mboga zikawa nyingi kuliko ugali kwenye sahani, jambo ambalo Mluhya kama yeye hulikubali akiwa ameshikiliwa. Miezi ikapita. Jicho la kulia likashika. Kiilu alilitazama mara kwa mara na kila mara akasema limetulia. La kushoto, damu ilipungua, nyuzi zikawa chache, lakini palibaki doa la giza upande mmoja, mahali ambapo mlango wa kibanda ungepaswa kuwa. Mistari ya kola hakuweza tena. Akawa anaunganisha mikono na mabega, kazi ya polepole, na Wangui akachukua ile ya mistari ya rangi.

Ndipo ikawa zamu ya jambo ambalo Lornah angelisema tangu mwanzo kama asingekuwa amechoka.

"Wangui," alimwambia siku moja wakinywa ile chai yao kavu, "wewe macho umepimwa?"

"Mimi naona, Mama Ivyne."

"Sijauliza hivyo."

Wangui akacheka. Akachomoa sindano kwenye kola ya gauni, akachukua uzi, akautia tunduni mara moja, bila miwani, bila hata kuulowesha. Akaiinua sindano kwa fahari. "Ona. Macho ya msichana."

Lornah hakuwahi kupaza sauti kwenye kibanda kile. Siku hiyo aligonga kikombe mezani mpaka chai ikaruka. "Na mimi nilikuwa naona! Nilisoma herufi zote, nikapigiwa makofi, kumbe ndani inavuja! Unangoja nini? Ungoje uende kumgombeza Ndegwa?" Akaendelea, kwa Kiswahili na kwa Kinyore, lugha ya kwao Vihiga, maneno mengine Wangui hakuyaelewa ila alielewa yalikoelekezwa. Mteja aliyekuwa akija alisikia akapita moja kwa moja. Kisha Lornah akaketi, akapumua, akachukua sweta aliyokuwa akiiunganisha. "Utaenda wiki hii. Nitakuwa mtu wako."

Wangui, ambaye dunia nzima haijawahi kumwamuru, akakubali. Akaenda.

Ilikuwa ajabu kwa Lornah kukaa upande ule mwingine, kwenye kiti cha aliyemsindikiza mgonjwa, akimtazama mwenzake akiwekewa kidevu kwenye chuma. Kiilu aliziangalia picha kwa muda mrefu. Lornah akajikuta ameinama mbele kana kwamba macho ni yake.

"Kuna vidoa," Kiilu akasema. "Vidogo sana, hapa na hapa. Mama mwenyewe hawezi kuviona. Hatuchomi chochote leo. Shika sukari vizuri, shika presha, usiache dawa, urudi mwaka ujao tuangalie tena." Akamgeukia Wangui akatabasamu, na lilikuwa tabasamu ambalo Lornah hakuwahi kupewa katika chumba kile. "Umekuja mapema, mama. Hivi ndivyo tunataka watu waje."

Lornah alifurahi. Hilo lisemwe, kwa sababu ni kweli: alifurahi sana. Na papo hapo, ndani ya furaha hiyo hiyo, alimwonea Wangui wivu, wivu mchungu ambao hakujua anao. Umekuja mapema. Maneno mawili tu. Yalikuwa yamewekwa tayari kwa ajili yake pia, katika chumba kama kile, mwaka juzi, na mwaka ule wa kabla yake, na yeye hakwenda kuyachukua.

Akamtoa Wangui kwenye korido, leso kichwani, mboni zimefunguka, mwenzake haoni vizuri hata mkono wake mwenyewe.

"Si nilikuambia niko sawa?" Wangui akasema kwa sauti ya kusikika na foleni nzima.

"Uliniambia."

Machozi yalimtoka Lornah kwa macho yote mawili, lile zima na lile bovu, hakuna lililobaki nyuma. Hakutoa sauti. Mabega tu ndiyo yaliyotikisika, na Wangui, aliyekuwa amemshika mkono kwa nguvu, akayasikia yakitikisika.

"Unacheka nini wewe?" akauliza, naye akaanza kucheka.

Lornah akamwacha acheke, akamwongoza polepole kuelekea kwenye ngazi.